Namba Inayorudi: Rejista ya Windows katika Vituo vya Afya vya Gitega na Muyinga

Rejista ya mfumo ni hifadhidata ya ndani ambamo Windows, pamoja na programu zinazosakinishwa juu yake, huweka taarifa za kudumu kuhusu namna zinavyopaswa kufanya kazi: faili ziko katika folda gani, hifadhidata ya wagonjwa iko kwenye seva ipi, nani anaruhusiwa kubadilisha nini. Ilianza kwa umbo dogo katika Windows 3.1 mwaka 1992, ikapanuliwa katika Windows NT 3.1 mwaka 1993 na katika Windows 95 miaka miwili baadaye, hata ikachukua sehemu kubwa ya nafasi ya zile faili za maandishi zenye kiambishi cha .ini ambazo kila programu ilikuwa ikijiandikia kwa mtindo wake. Mpangilio wake ni wa matawi. Kila tawi huitwa ufunguo, ndani ya ufunguo huwamo funguo nyingine au thamani, na kila thamani ina jina, aina na maudhui. Tawi linalohusu kompyuta nzima huitwa HKEY_LOCAL_MACHINE, na lile la mtumiaji aliyeingia wakati huo huitwa HKEY_CURRENT_USER.

Programu za kawaida haziyagusi moja kwa moja mafaili yanayobeba rejista. Kusoma na kuandika hupitia miito, yaani kazi zilizotayarishwa na mfumo wenyewe ili programu ziziombe huduma, na miito ya rejista imo katika maktaba iitwayo advapi32.dll: RegOpenKeyEx hufungua ufunguo, RegQueryValueEx husoma thamani, RegSetValueEx huiandika, na RegCloseKey hufunga kilichofunguliwa. Kila mwito, ukimaliza kazi yake, hurudisha namba. Sifuri ina maana kwamba ombi limetekelezwa. 2 ina maana kwamba kilichoombwa hakikupatikana. 5 kwamba ruhusa imekataliwa. 234 kwamba data iliyopo ni kubwa kuliko nafasi iliyotengwa kuipokea. Namba hizi ndizo kiini cha kumbukumbu hizi, kwa kuwa hitilafu nyingi ambazo mwandishi alizishughulikia kama fundi katika vituo vya afya vya Gitega na Muyinga hazikutokana na rejista kuharibika, bali na skripti za kusakinisha ambazo ziliitupa namba iliyorudi, au ziliipokea bila kuangalia iliulizwa swali gani.

Ni vyema kueleza kwanza kwa nini jambo dogo kama hili lina uzito mahali hapo. Serikali ya Burundi iliamua kwamba kuanzia tarehe 1 Mei 2006 matibabu ya watoto walio chini ya miaka mitano na huduma za uzazi vitolewe bila malipo, na mwaka 2010 utaratibu wa kuvilipa vituo vya afya kulingana na huduma zilizothibitishwa ukaenezwa nchi nzima. Kuanzia hapo kila kituo kililazimika kuhesabu, mwezi kwa mwezi, watoto waliotibiwa na akina mama waliojifungua, kwa sababu hesabu hiyo ndiyo inayogeuka fedha za kununulia vifaa na kuwapa wauguzi marupurupu. Kompyuta ziliingia kwa mlango huo. OpenClinic GA, programu huria iliyoandikwa kwa lugha ya Java, ilikwishatumika katika hospitali kadhaa za Rwanda na Burundi, na pembeni yake zikajitokeza programu ndogondogo za kusajili wagonjwa na kuandaa ankara. Kisa kinachoelezwa hapa kinahusu mojawapo ya hizo ndogo, wala si OpenClinic, na jina lake halina umuhimu.

Gitega, mji wa katikati ya nchi ambao tangu 2019 ndio makao makuu ya kisiasa ya Burundi, ulikuwa na kompyuta za mezani za zamani kidogo, nyingi zikiwa na Windows 7 ya biti 32. Muyinga, mji wa kaskazini-mashariki ulio kwenye njia ya kwenda mpaka wa Kobero na Tanzania, na ambao kabla ya mageuzi ya 2025 yaliyopunguza mikoa kutoka 18 hadi 5 ulikuwa makao makuu ya mkoa wake, ulipokea mashine mpya zaidi, zote za biti 64. Safari kati ya miji hiyo miwili hupita Karusi, na fundi alikuwa akihudumia pande zote mbili akiwa na skripti ileile katika flashi ileile. Tofauti ya biti 32 na biti 64, ambayo kwa karani wa mapokezi haionekani popote, ndiyo iliyoleta tatizo kubwa kuliko yote.

Skripti yenyewe iliandikwa kwa NSIS, chombo huria cha kutengeneza visakinishi kilichoanzia Nullsoft, kampuni iliyotengeneza Winamp. NSIS ina amri zake za ndani za kusoma na kuandika rejista, ReadRegStr na WriteRegStr, ambazo ni rahisi lakini zina upungufu mmoja: zikishindwa, huinua bendera ya kosa tu na hazisemi kosa ni lipi. Skripti hujua kwamba kuna jambo halikwenda sawa, ila haijui kama ufunguo haukuwepo, au ulikuwepo na ruhusa ikakataliwa, au thamani ilikuwa ndefu mno. Kwa hiyo waandishi wa skripti wanaotaka kujua zaidi hutumia amri ya System::Call, ambayo huuita moja kwa moja mwito wa Windows na kuirejesha namba yake katika kigeu. Mstari uliokuwa katika skripti hiyo ulikuwa hivi, jina la ufunguo likiwa limebadilishwa:

System::Call 'advapi32::RegOpenKeyEx(i 0x80000002, t "SOFTWARE\Kituo", i 0, i 0x20019, *i .r1) i .r0'

Kila kipande chake kina maana. Namba 0x80000002 ni alama ya HKEY_LOCAL_MACHINE. Herufi t hutangulia maandishi, na i hutangulia namba kamili. Sifuri inayofuata ni ya machaguo ambayo hapa hayatumiki. 0x20019 ni aina ya ruhusa inayoombwa, yaani kusoma tu. Kinachofuata ni mahali pa kupokelea kishikio, yaani namba ya muda ambayo mfumo humpa mwombaji ili aitumie kuutaja ufunguo uliofunguliwa, na mwishoni kabisa .r0 hupokea namba inayorudi. Kwa jicho la haraka mstari huo hauna kasoro, na Gitega ulifanya kazi yake siku zote bila kulalamikiwa.

Kazi ya mstari huo ilikuwa kuuliza kama programu ilikwisha kusakinishwa zamani. Namba ikirudi sifuri, skripti iliacha mipangilio iliyopo na kubadilisha faili za programu tu. Ikirudi namba nyingine yoyote, skripti iliamua kwamba kompyuta ni mpya na kuandika mipangilio ya kuanzia, ikiwemo anwani ya hifadhidata. Toleo jipya lilipopelekwa Muyinga, karibu na mwisho wa mwezi, kisakinishi kilionyesha dirisha la kusema kwamba kazi imekamilika, programu ikafunguka vizuri, na orodha ya wagonjwa ikawa tupu. Karani aliyezoea kuona maelfu ya majina aliona jedwali lisilo na mstari hata mmoja, zikiwa zimebaki siku chache kabla ya kupeleka hesabu.

Hofu ya kwanza katika hali kama hiyo ni kwamba data imefutika, na ni hofu yenye sababu. Ukaguzi wa diski ulionyesha kwamba folda ya zamani ilikuwa palepale na ukubwa uleule. Kilichopotea ni anwani yake, kwa kuwa programu sasa ilikuwa ikielekezwa kwenye hifadhidata mpya ambayo ndiyo kwanza imeumbwa. Anwani ya zamani iliporudishwa kwa mkono kwa kutumia regedit, chombo cha Windows cha kuikagua rejista, majina yote yalirejea, na wagonjwa walioandikishwa asubuhi ile katika hifadhidata tupu wakaingizwa upya kutoka katika daftari za karatasi. Inafaa kusemwa wazi kwamba daftari hizo, ambazo wafadhili wengi wangependa ziondolewe siku hiyohiyo kompyuta zinapofungwa, ndizo zilizoinusuru hesabu ya siku ile.

Lilibaki swali la sababu. Kwa nini skripti iliamini kwamba kompyuta ni mpya, hali ufunguo ulionekana katika regedit kwa macho? Jibu lilipatikana kwa kutumia Process Monitor, chombo kilichoandikwa na Mark Russinovich na Bryce Cogswell na kutolewa mwaka 2006, ambacho huorodhesha kila mwito wa rejista na wa faili unaofanywa na kila programu, pamoja na njia iliyoombwa na matokeo yake. Orodha yake ni ndefu mno, kiasi kwamba asiyechuja kwa jina la programu anayoifuatilia huzama katika mamia ya maelfu ya mistari, na humo huonekana mara kwa mara neno la kutisha la BUFFER OVERFLOW, ambalo fundi mgeni hulidhania kuwa dalili ya shambulio. Kwa kawaida si lolote ila programu inauliza kwanza ukubwa wa thamani ili ijue itenge nafasi kiasi gani. Baada ya kuchuja, mistari miwili ilijitokeza ikiwa imekaribiana. Wa kwanza ulikuwa wa kufungua HKLM\SOFTWARE\WOW6432Node\Kituo, na matokeo yake NAME NOT FOUND. Wa pili ulikuwa wa kuandika HKLM\SOFTWARE\Kituo, na matokeo yake SUCCESS. Skripti moja ilikuwa imeuliza mahali pamoja na kuandika mahali pengine.

Maelezo yake ni haya. Windows ya biti 64 huendesha pia programu za biti 32, na ili aina hizo mbili zisiharibiane mipangilio, huzitengea sehemu tofauti za rejista. Programu ya biti 32 ikiomba ufunguo ulio chini ya HKLM\SOFTWARE, mfumo huihamishia kimyakimya kwenye tawi la WOW6432Node bila kuiarifu. Visakinishi vya NSIS kwa kawaida ni vya biti 32, ilhali huko Muyinga programu ya kituo iliendeshwa na Java ya biti 64 na ilisoma sehemu ile kuu. Waandishi wa skripti walilijua jambo hilo, na kwa hiyo waliweka amri ya SetRegView 64 juu kabisa ya skripti, amri inayoielekeza NSIS kutumia sehemu ya biti 64. Ambacho hakikuzingatiwa ni kwamba SetRegView hutawala amri za ndani za NSIS pekee. Mwito unaopitia System::Call huenda moja kwa moja kwenye Windows na hauijui amri hiyo hata kidogo. Anayetaka sehemu ya biti 64 kwa njia hiyo ni lazima aiombe ndani ya namba ya ruhusa, kwa kuongeza 0x100. Hivyo 0x20019 ilipaswa kuwa 0x20119. Kwenye kompyuta za Gitega hakukuwa na sehemu mbili, kwa hiyo kosa halikuwa na pa kujitokeza.

Fundisho la kisa hiki ni jembamba kuliko linavyoonekana, na ndiyo maana linastahili kukaliwa kidogo. Namba 2 iliyorudi Muyinga ilikuwa ya kweli, kwa kuwa mahali palipoulizwa hapakuwa na ufunguo. Skripti haikudanganywa na mfumo. Iliuliza mahali pasipo na jibu, kisha ikalichukulia jibu hilo kuwa la mahali pengine. Kwa sababu hiyo kuandika namba peke yake katika kumbukumbu ya usakinishaji hakutoshi. Inapasa iandikwe pamoja na njia kamili iliyoombwa na ruhusa iliyoombwa, ili atakayesoma baadaye aone swali na jibu kwa pamoja. Kosa la pili lilikuwa zito zaidi kimaamuzi, nalo ni kuzichukulia namba zote zisizo sifuri kuwa na maana moja. Ufunguo usiokuwepo, yaani 2, ni dalili ya haki ya kompyuta mpya. Ruhusa iliyokataliwa, yaani 5, si dalili ya upya hata kidogo. Pengine ni ishara kwamba ufunguo upo na unalindwa. Skripti inayoandika juu ya mipangilio ya mtu kwa sababu imekatazwa kuisoma imefanya jambo lisilo na utetezi.

Tatizo jingine lilihusu PATH, yaani orodha ya folda ambamo Windows hutafuta programu zinapoitwa kwa jina tu. Orodha hiyo nayo imo katika rejista, chini ya HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\Session Manager\Environment, na visakinishi vingi hupenda kuiongezea folda yao. NSIS ya kawaida haiwezi kushika maandishi yanayozidi herufi 1,024, na ReadRegStr ikikutana na thamani ndefu kuliko hapo hurudisha maandishi matupu. Skripti isiyoangalia bendera ya kosa huchukua utupu huo, huubandika folda mpya, kisha huurudisha katika rejista, na orodha nzima ya zamani huwa imefutwa. Hitilafu hii inajulikana duniani kote. Kigezo cha visakinishi vya NSIS kinachotolewa pamoja na CMake kina onyo lake mahsusi la kukataa kuigusa PATH iliyo ndefu. Katika kituo kimoja cha afya, matokeo yake hayakuonekana kwa mtumiaji yeyote: programu ya wagonjwa iliendelea kufanya kazi, ila nakala ya akiba ya kila usiku, iliyotegemea mysqldump, chombo cha kunakili hifadhidata, kupatikana kwa jina tu, ilikoma kimyakimya. Fundi anayekagua nakala za akiba mara moja tu baada ya usakinishaji hawezi kuligundua jambo hilo mpaka siku nakala itakapohitajika.

Upo pia mtego mdogo unaofanana na huo. PATH huhifadhiwa kwa aina iitwayo REG_EXPAND_SZ, inayoiambia Windows ifumbue majina kama %SystemRoot% kabla ya kutumia maandishi, na ikiandikwa upya kwa aina ya kawaida ya REG_SZ majina hayo hubaki yalivyo, na hata amri nyepesi ya ping huacha kupatikana.

Njia iliyofanya kazi ilikuwa kuuita RegQueryValueEx wenyewe, ukiwa umetengewa nafasi inayojulikana, na kuitazama namba. Ikirudi 234, skripti haiigusi PATH. Huandika katika dirisha na katika faili la kumbukumbu kwamba folda iongezwe kwa mkono, na huonyesha namba hiyo waziwazi. Hapa pana jambo ambalo waandishi wa programu walio mbali hawalioni kwa urahisi. Windows za Burundi nyingi ni za Kifaransa, na maelezo ya kosa yanayotolewa na mfumo hutoka kwa Kifaransa, tena wakati mwingine yakipotosha: kwa namba 2, mfumo husema kwamba faili lililotajwa halikupatikana, na karani huanza kutafuta faili lililopotea ilhali kilichokosekana ni ufunguo wa rejista. Namba haina shida hiyo. Karani wa Muyinga alisoma kwa simu mbili, tatu, nne, na fundi aliyekuwa Gitega akajua papo hapo kwamba PATH ni ndefu na kwamba hakuna kilichoharibika. Hapakuwa na haja ya safari wala ya kuunganishwa kwa mbali kupitia intaneti ambayo siku ile isingetosha.

Kifaransa kilileta shida nyingine isiyotarajiwa. Skripti ilikuwa ikiwapa wasimamizi haki kamili juu ya ufunguo wa programu kwa kulitaja kundi lao kwa jina la Kiingereza, na katika Windows ya Kifaransa kundi hilo huitwa Administrateurs. Mwito ulirudisha 1332, maana yake jina lililotolewa halilingani na akaunti yoyote inayojulikana. Tiba yake ni kuacha kutumia majina na kutumia kitambulisho cha kudumu cha kundi, S-1-5-32-544, ambacho hakibadiliki kwa lugha yoyote.

Umeme nao una nafasi yake katika habari hii. RegCloseKey ikirudisha sifuri haimaanishi kwamba data imefika kwenye diski. Windows huishikilia kwanza katika kumbukumbu ya muda na kuimwaga baadaye, na kuchelewa huko kunaweza kufikia sekunde kadhaa. Mfumo una faili za kuzuia rejista nzima isiharibike umeme ukikatika, lakini thamani iliyoandikwa dakika ileile inaweza kupotea bila alama, hata kisakinishi kikiwa kimekwisha kusema kazi imekamilika. Kuuita RegFlushKey mara moja, mwishoni mwa usakinishaji, hulazimisha data iandikwe. Waraka wa Microsoft huonya kwamba mwito huo ni mzito na usitumiwe ovyo, na onyo hilo ni sahihi kwa programu inayouita kila mara. Kwa kisakinishi kinachoendeshwa mara moja kwa miezi kadhaa, mahali ambapo kompyuta haina betri ya akiba, mwandishi wa kumbukumbu hizi anaona faida yake ni kubwa kuliko gharama.

Skripti iliyotumika baada ya hapo ilikuwa ndefu kuliko ya kwanza, na waandishi wake walilalamika kidogo kuhusu urefu huo. Kila ilipoandika thamani, iliisoma tena kupitia sehemu ileile ya rejista ambayo programu ya Java ingeisoma, na ikalinganisha. Kabla ya kubadilisha chochote ilihifadhi mipangilio ya zamani katika faili lenye tarehe, ndani ya folda ambayo karani angeweza kuifungua. Ikipokea namba isiyoitarajia, ilisimama. Faili la kumbukumbu liliwekwa juu ya meza ya kompyuta, si katika folda ya muda iliyofichwa, kwa sababu mtu wa kulisoma angekuwa muuguzi au karani mwenye simu mkononi.

Tawi la skripti linaloshughulikia biti 32 halikuondolewa. Microsoft iliacha kuitegemeza Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, ikafuata Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haina toleo la biti 32. Lakini mashine za Gitega bado zilikuwa zikiwaka kila asubuhi na kuandikisha watoto, na maadamu zinawaka, skripti itakayopelekwa huko itauliza kwanza iko kwenye mashine ya aina gani, kisha ichague kati ya 0x20019 na 0x20119.